Herufi Zilezile, Irabu Tofauti

Ugomvi wangu wa kwanza na Habuba kuhusu friji ulikuwa wa nyanya. Friji yenyewe ni ya mtumba, niliinunua Kampala kwa mtu aliyekuwa anahama, na siku ilipofika Bombo niliijaza nyanya za shambani kwangu: nyekundu, ngumu, hazina doa. Nilitaka zikae hadi bei ya soko la Kalerwe ipande kidogo. Siku ya sita Habuba akachukua tatu akakata kachumbari. Akaonja, akaweka kijiko chini.

"Mjukuu wangu, hizi umezifanya nini? Ni maji yamepakwa rangi."

Nikamwambia hazijaoza, azitazame vizuri. Akasema hajauliza kama zimeoza.

Habuba ni bibi, ndivyo sisi Wanubi tunavyoita. Ana shamba la migomba nyuma ya nyumba ambalo nalipalilia mimi lakini ni lake, na hilo halina mjadala. Mimi nilisomea mimea Makerere, nikafanya kazi ya maabara miaka michache, nikaosha chupa nyingi kuliko nilivyoandika, kisha nikarudi Bombo kulima nyanya ekari moja. Kushindwa hoja ya mimea na kijiko cha kachumbari kuliniuma. Usiku nikawasha simu nikaanza kutafuta.

Jibu lilikuwa limechapishwa tangu 2016. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida, kundi la Harry Klee, walichukua nyanya zilizoiva wakaziweka kwenye baridi ya nyuzi 5 kwa siku 7, wakazitoa, wakaziacha siku moja kwenye nyuzi 20 zipate joto, kisha wakawapa watu waonje. Waonjaji walisema alichosema Habuba, kwa adabu zaidi. Sukari ilikuwa pale pale, uchachu pale pale. Kilichopungua ni harufu, zile kemikali nyepesi zinazopanda puani ukiuma nyanya. Ulimi unakupa utamu na uchachu wake. Unyanya wa nyanya uko puani.

Lakini sehemu iliyonikalisha macho hadi saa nane ni kilichosababisha harufu ipotee. Baridi haikuharibu jeni hata moja. Ilichofanya ni kuongeza alama ndogo juu ya DNA, kwenye maeneo ya jeni zinazohusika na kuiva na kunukia, na jeni hizo zikapunguza sauti. Nyanya ikitolewa kwenye friji alama nyingi zinafutika tena, ila harufu hairudi yote. Nyanya iliyochumwa siku ile na nyanya ya friji zina DNA ileile herufi kwa herufi. Zinasomwa tofauti.

Nitaeleza kwa mfano nilioupata madrasa, kwa sababu mifano ya darasani Makerere haijawahi kunisaidia.

Mwalimu wetu alikuwa na mchezo. Anaandika ubaoni herufi tatu, kafu, ta, ba, bila irabu yoyote, anauliza: inasomwaje? Watoto tunapayuka kila mtu na lake. Kisha anaweka alama moja moja kwa chaki. *Kataba*, aliandika. Anafuta, anaweka nyingine. *Kutiba*, kiliandikwa. Anafuta. *Kutub*, vitabu. Herufi hazikusogea hata kidogo. Vialama vya juu na chini ndivyo vilivyogeuza neno. Na kulikuwa na kile kiduara, sukuni, kinachokaa juu ya herufi kuinyima irabu: ipo, unaiona, lakini huibebi mbele.

DNA ina herufi nne, na moja yao, C, hupandikiziwa kitu kidogo kiitwacho methili: kaboni moja na hidrojeni tatu, basi. Kitu hicho kikirundikana pale jeni inapoanzia, mara nyingi jeni hiyo hunyamaza. Hiyo ndiyo sukuni ninayoizungumzia. Elimu ya alama hizi, zinavyowekwa, zinavyofutwa na zinavyorithiwa, ndiyo epijenetiki, neno lililoundwa na Conrad Waddington mwaka 1942 kabla ya mtu yeyote kujua umbo la DNA. (Mwalimu wangu angekataa mfano huu, na angekuwa na haki. Sukuni ya Kiarabu hukaa juu ya herufi moja. Hii ya nyanya inafanya kazi zikiwa nyingi pamoja, na kuna mahali ikikaa jeni huongea zaidi badala ya kunyamaza. Nimeuchukua mfano kwa mkopo, nitaurudisha.)

Alama za pili haziko kwenye herufi, ziko kwenye kinachobeba herufi. Ukinyoosha DNA ya seli moja ya nyanya unapata uzi wa zaidi ya nusu mita, na uzi huo umeingia kwenye kiini kisichoonekana kwa macho. Umeingiaje? Umezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, kama fundi anavyozungusha uzi kwenye bobini ya cherehani, ila bobini ziko mamilioni. Histoni nazo zina mikia, na mikia hupachikwa alama. Alama nyingine hulegeza uzi usomeke. Nyingine huukaza, na kilichokazwa hakisomwi.

Sasa turudi kwenye tunda, kwa sababu tunda ni mfululizo wa amri za "bado", "anza", "acha", na kila amri ina alama zake.

Ua la nyanya likichanua, ovari yake tayari ina kila kinachohitajika kuwa tunda. Haiwi. Inasubiri chavua. Ukikosa chavua, siku mbili tatu ua linaanguka, na mkulima anayeanza anadhani ni ugonjwa. Nani anaishikilia ovari isianze peke yake? Mwaka 1997 watafiti wa Australia walitangaza kwamba kwenye gugu dogo liitwalo Arabidopsis, mmea ambao wanasayansi wa mimea wanaupenda kama sisi tunavyopenda kuku, wamepata miche yenye hitilafu inayorefusha maganda na kuanza kutengeneza mbegu bila chavua kabisa. Jeni zilizoharibika zilikuja kujulikana kuwa za kundi la protini zinazopachika alama ya kukaza kwenye mikia ya histoni. Kwa maneno mengine, "bado" ya tunda si ukimya wa bure. Kuna mlinzi mlangoni, na chavua ndiyo inayokuja na ruhusa.

Ruhusa ikifika, nyanya inakimbia. Wiki ya kwanza au mbili seli zinagawanyika kwa kasi, na idadi ya seli itakayopatikana pale ndiyo mtaji wa ukubwa wa tunda. Ndiyo maana kiangazi kikikupiga wakati huo, maji ya baadaye hayakurudishii chote. Nimelipa ada ya somo hilo. Baada ya hapo seli zinaacha kugawanyika zinaanza kunenepa, na kwenye nyama ya nyanya zinafanya jambo la ajabu: zinanakili DNA yao tena na tena bila kujigawa, mpaka seli moja inakuwa na nakala zaidi ya mia. Kila nakala inaingia na bobini zake.

Halafu inafika pale ambapo tunda limemaliza kukua na bado ni kijani. Wachuuzi wa nyanya wanalijua jambo hili kuliko vitabu. Nyanya iliyokomaa ikiwa kijani, ukiiweka kwenye boksi pamoja na ndizi mbivu, itageuka rangi, kwa sababu ndizi inatoa gesi ya ethilini. Nyanya changa, hata uizike na mkungu mzima wa bogoya, inasinyaa tu. Mchuuzi mmoja wa soko la Owino aliwahi kunirudishia maboksi mawili, akanibonyezea nyanya moja mbele ya watu: "Hii bado mtoto, mama yangu. Mtoto hafundishwi kuzeeka." Nilikuwa nimechuma mapema kwa tamaa ya bei.

Mtoto anazuiwa na nini? Mwaka 2013 kundi la Jim Giovannoni, huko Marekani, lilichapisha ramani ya methili zote za nyanya tangu tunda changa hadi bivu. Wakakuta tunda likikaribia kuiva, methili zinafutwa kwenye milango ya jeni za kuivisha, yaani pale jeni hizo zinapoanzia. Kisha wakafanya jaribio ambalo ningelitazama kwa kiingilio: walidunga kwenye nyanya changa dawa inayozuia methili kuwekwa. Pale sindano ilipopita pakaiva. Tunda kijani, mbegu ndani bado hazijakomaa, na baka jekundu ubavuni kama mtu aliyepakwa hina sehemu moja.

Mwaka 2015 kundi la Philippe Gallusci, Ufaransa, likaonyesha anayefuta ni nani: kimeng'enya kiitwacho DML2. Ukikinyamazisha, nyanya inakua ukubwa wake wote na inagoma kuwa nyekundu. Na ndicho kimeng'enya hichohicho kilichopungua kwenye nyanya za friji za Florida. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu gizani. Kifutio kimepata baridi, sukuni zimerudi juu ya mstari, na Habuba amesikia neno limekatika.

Kuna nyanya moja maarufu kwenye fani hii ambayo lazima niitaje, halafu niitilie shaka. Ilitokea Uingereza kwenye nyanya za biashara: mmea uliozaa matunda yasiyoiva, ganda la manjano iliyopauka, nyama ya ungaunga. Wanaiita Cnr. Mwaka 2006 ilitangazwa kwamba jeni inayohusika haina herufi hata moja iliyobadilika, ila mlango wake umejaa methili, na hali hiyo inapita toka mbegu hadi mbegu. Ikawa mfano wa kila mhadhara, wangu ukiwemo. Lakini watafiti wa baadaye, wakiwa na mkasi wa kukatia DNA uitwao CRISPR, waliiharibu jeni ileile moja kwa moja, wakitegemea kupata Cnr nyingine. Wakapata nyanya zilizochelewa kuiva kidogo tu. Kwa hiyo kuna kitu zaidi ya jeni ile. Napenda hadithi ikivunjika namna hii. Inanikumbusha kwamba fani bado ni mbichi.

Na kabla hujasema basi kanuni ni kufuta methili ili tunda liive, chungwa linakungoja. Mwaka 2019 wachina walipima machungwa wakakuta kinyume: methili zinaongezeka kadiri chungwa linavyoiva, na jeni za vifutio zinashuka. Nyanya inafuta, chungwa linaandika, yote mawili yanafika utamuni. Mwaka mmoja kabla yake, uchunguzi mkubwa wa aina 11 za matunda, ndizi na papai zikiwemo, ulionyesha kwamba ile alama ya kukaza kwenye mikia ya histoni ndiyo inayojirudia zaidi kwenye jeni za kuivisha, kuliko methili. Kila tunda lina mwandiko wake.

Haya yote ni ya nyanya, na nyanya ni mgeni aliyekuja juzi. Kinachonifanya niandike makala hii ni migomba ya Habuba.

Matoke ya Uganda, yale ya nyanda za juu tunayoyamenya na kufunga kwenye majani, yana majina mengi mno. Shambani kwa Habuba pekee kuna Nakitembe, Mbwazirume, Kibuzi, Mpologoma na Nakabululu, na kule pembeni kuna Mbidde ya pombe ambayo yeye, mwanamke wa swala tano, anasema ilikuwepo kabla hajanunua uwanja. Wataalamu wameyapanga majina hayo katika makundi matano. Mkungu mmoja umeachia vidole, mwingine umebana kama ngumi; ndizi ya huu ni fupi na nene, ya ule ndefu na imepinda; huu ukiupika unalainika, ule ukiupika unakukaza koo na ndiyo maana ulipelekwa kwenye pombe.

Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Mercy Kitavi walitazama DNA ya matoke haya. Walikuta kwamba kundi lote, kwa jinsi vipimo vinavyoona, limetoka kwenye mmea mmoja. Mmoja! Mgomba mmoja wa kale, usio na mbegu, uliogawanywa kwa machipukizi kutoka mkono hadi mkono, toka bibi hadi mjukuu, mpaka ukajaza nchi kuanzia Buganda hadi Ankole na kuvuka mipaka. Kwa vinasaba, Mbidde na Mpologoma ni karibu sana na kuwa pacha.

Nilimsomea Habuba. Akanitazama kama nimemwambia watoto wake wote wana sura moja.

"Wewe umeshapika Mbidde?"

"Hapana, Habuba."

"Basi."

Ana hoja. Kama herufi zinakaribia kuwa zilezile, tofauti ya mkungu imetoka wapi? Sehemu itakuwa mabadiliko madogo ya herufi ambayo vipimo vile havikuyakamata. Jeni moja ikigeuka inatosha kugeuza umbo la mkungu, na miaka mamia ya machipukizi ni mingi. Lakini Kitavi na wenzake walirudi mwaka 2020 wakiwa wametazama methili badala ya herufi. Wakakuta tofauti kati ya aina na aina, na tofauti nyingine zinashuka kutoka mgomba mama kwenda kwenye machipukizi yake. Hawakusema methili ndiyo inayoifanya Mbidde iwe Mbidde, nami sitawasemea. Walichoonyesha ni kwamba irabu zipo, zinatofautiana, na zinarithiwa. Kwa mmea ambao haupandwi kwa mbegu hilo si jambo dogo, kwa sababu kupita kwenye mbegu ni fursa mojawapo ya mimea kupanga upya baadhi ya alama zake. Mgomba hauna fursa hiyo. Chipukizi ni mama yuleyule akiendelea kuishi pembeni.

Hapa ndipo wasiwasi wangu unapoingia. Siku hizi miche ya migomba inazalishwa maabara, ile tunayoiita ya tishu kalcha, na mimi mwenyewe nimeipigia debe: haina minyoo ya mizizi, haina fukusi, inatoka mingi kwa wakati mmoja. Bado naipigia debe. Ila kuna kisa cha michikichi ambacho kila anayezalisha mimea kwenye chupa anakijua.

Ukienda Kalangala leo utaiona michikichi imejaa kisiwa cha Bugala, mawese yakitoka kwenye nyama ya tunda. Sasa fikiria Malaysia ya miaka ya 1980: wamepata mchikichi bora, wanachukua tishu yake, wanazalisha nakala maelfu. Miche ni mizuri. Wanaipanda, wanasubiri miaka. Ikianza kuzaa, baadhi ya miti inatoa matunda yaliyovaa joho, vipande vya ziada vimelizunguka tunda kama mtu aliyejifunika shuka, na mafuta karibu hakuna. Herufi za mti mzazi na za mti mgonjwa zilikuwa sawa. Ilichukua zaidi ya miongo miwili kupata jibu. Mwaka 2015 Meilina Ong-Abdullah na wenzake, wakishirikiana na Rob Martienssen wa Marekani, walionyesha kwamba ndani ya jeni moja ya ua amejibanza kirukaji, kipande cha DNA chenye tabia ya kuhamahama, kiitwacho Karma. Kwenye mti mzima Karma amefunikwa methili, kalala. Kwenye chupa za maabara, kwa baadhi ya miche, methili zilimtoka. Jeni ya ua ikasomwa ikakatika katikati, na sehemu za kiume za ua zikajitengeneza kama za kike. Jina lile lilikuwa zawadi kwa watafiti wenye utani: Karma mwema, Karma mbaya. Faida ni kwamba leo kipande kidogo cha jani la mche kinatosha kupima, huhitaji kungoja mti uzae ndipo ulie.

Sijui mkulima wa kawaida angefanya nini na habari hii, na nilipoileta kwenye kikundi chetu cha wakulima mzee mmoja aliniuliza swali la maana kuliko yote niliyoulizwa chuoni: "Binti yangu, hiyo alama inaonekana kwa macho?" Haionekani. Akasema basi ataendelea kuchagua chipukizi kwa kumtazama mama.

Ndivyo anavyochagua Habuba pia. Ana mgomba wa Nakitembe nyuma ya jiko, unaokunywa maji ya kuoshea vyombo na kula majivu kila siku, na mikungu yake inahitaji kuegemezwa nguzo mbili. Ana mwingine, Nakitembe huohuo, chipukizi la shina lilelile, ambao ulipandwa karibu na barabara kwenye kifusi. Huo mkungu wake unabeba mtoto wa shule. Akitaka kupanua shamba, hachukui chipukizi la barabarani. Anasema limezoea shida. Mimi nilikuwa nasema hilo ni jambo la majivu, si la mgomba: ukilileta jikoni litanenepa kama mwenzake. Siku hizi sisemi kwa sauti kubwa vile. Mimea inajulikana kuweka alama ikipata dhiki, na nyingi hufutika dhiki ikiisha, kama za friji, lakini si lazima zote.

Kwa hiyo mvua za Machi nilichukua machipukizi mawili ya jikoni na mawili ya barabarani, ukubwa mmoja, nikayapanda mstari mmoja kwenye udongo mmoja, samadi kipimo kimoja. Manne si jaribio, ni mchezo. Kwenye maabara niliyofanyia kazi wangenicheka. Nimeweka vijiti vyenye kamba, nyekundu kwa jikoni, buluu kwa barabarani, na nimemwomba Habuba kwa heshima zote asiyaguse.

Jana nimekuta majivu kwenye mashina mawili. Yale ya kamba nyekundu.